Mbwa wangu kapigana na fisi zizini, sasa wanataka nimuue

Mama Zabibu

Mbukwenyi ndugu zangu, na wale wa mbali habari za kwenu. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi upande wa Handali, wilaya ya Chamwino. Nina shamba dogo la zabibu na mbuzi kumi na saba, yaani kumi na sita tangu juzi. Naandika huku jicho liko mlangoni, maana mbwa wangu amelala hapo na hajatia kitu mdomoni tangu jana asubuhi.

Anaitwa Mgeni. Miaka sita iliyopita niliamka nikamkuta zizini, kitoto cha rangi ya udongo kimejibanza kwenye tumbo la mbuzi aliyekuwa amezaa. Niliuliza kijiji kizima, hakuna aliyemdai. Kila aliyepita aliuliza huyu wa nani, nami nikawa najibu huyu ni mgeni, jina likakaa. Mume wangu yuko machimboni, anarudi mara mbili kwa mwaka. Nyumbani niko na wajukuu wawili, wa miaka saba na minne. Kwa hiyo Mgeni ndiye mwenzangu wa kazi. Nikienda kupogoa zabibu yeye anatangulia, anapita mstari mzima akinusa chini ya mizabibu, akifika mwisho anageuka kunitazama, ndipo na mimi naingia na mkasi wangu. Hakuna aliyemfundisha. Alianza mwaka ule tulipokuta nyoka, moma, amejikunja kwenye majani makavu.

Usiku wa kuamkia Jumanne, kama saa nane, nikasikia sauti yake. Mgeni akimbwekea mtu najua, akimbwekea kicheche najua. Hii haikuwa kubweka. Ulikuwa mngurumo wa chini chini unaokatikakatika, halafu mbuzi wakalipuka kwa kelele. Nikatoka na tochi na sufuria kubwa na mwiko.

Fisi alikuwa ameshaingia. Alisukuma miiba kwenye ile kona ambayo imekauka na ambayo kila siku nilisema nitaiongezea kesho. Alikuwa amemshika mbuzi paja, anamvuta kinyumenyume kuelekea tunduni. Na Mgeni alikuwa ameng'ang'ania mguu wa nyuma wa fisi. Mbwa wengine hurukia, huuma, hukimbia, hurudi tena. Yeye aliuma na hakuachia. Fisi akigeuka, Mgeni anaburuzwa naye. Asubuhi niliikuta mistari ya kucha zake kwenye samadi, mirefu kama mtu aliyepitisha reki. Mbwa huyu hafiki kilo ishirini. Yule fisi alikuwa mara mbili yake na zaidi.

Nikapiga sufuria, nikapiga yowe. Fisi akamwachia mbuzi, akageuka, akamkamata Mgeni begani, akamtikisa mara moja tu na kumtupa. Kisha akatoka kwa tundu lile lile. Mbuzi alikufa kabla ya alfajiri.

Sasa nisikilizeni hapa. Mgeni aliinuka kwa miguu mitatu, akanifuata hadi nyumbani. Tangu utoto wake nilimkataza kuingia ndani. Alipofika kizingitini, damu inadondoka, akasimama. Nikamwambia ingia. Akanitazama, akaitazama sakafu, akalala nje, kichwa tu kikakaa kwenye kizingiti. Ikabidi nimbebe. Nimelea watoto wanne na sijawahi kulia kama nilivyolia nikiwa nimembeba yule mbwa.

Sikio la kushoto limechanika hadi katikati. Begani kuna matundu manne, mawili yanaingia ncha ya kidole changu. Nimemsafisha kwa maji ya chumvi.

Shida ni hii. Shemeji yangu na majirani wanasema fisi anayeingia kwenye makazi ya watu ana kichaa, na mbwa aliyeumwa na fisi lazima apate kichaa, kwa hiyo auawe leo kabla hajamgusa mtoto. Kijana mmoja ameshakuja na rungu. Mwingine ameleta oili chafu ya pikipiki tumpake. Nimewaomba wanipe hadi Ijumaa. Mgeni alichanjwa mwaka jana mwezi wa tisa, walipokuja kuchanja mbwa pale shuleni, lakini cheti chenyewe sijui nilikiweka wapi. Naombeni anayejua aniambie: ni lazima afe? Kama si lazima, nimtunzeje bila kuwahatarisha wajukuu?

Kijana wa Kongwa

Mama shikamoo, na pole sana. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako alijipa zizi zima.

Suala la kichaa nawaachia wataalamu. Mimi naongelea zizi, kwa sababu fisi akishaonja mahali atarudi, pengine wiki hii hii. Miiba ya mkungugu ikikauka inakuwa nyepesi na fisi anaisogeza kwa kichwa. Na sisi tunaangalia sana urefu wa boma wakati fisi mara nyingi anapita chini. Sisi tulipanga mawe makubwa chini kuzunguka zizi lote, miiba mipya juu yake, na mlango wa mbao uliobana hadi ardhini. Nje tukapanda minyaa, ila hiyo inachukua muda hadi ishikane.

Halafu usikae kimya. Mweleze mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya apate taarifa, na uliza kuhusu kifuta jasho kwa ajili ya mbuzi. Piga picha ya mzoga na nyayo kabla upepo haujazifuta.

Mzee wa Kondoa

Mwanangu, pole. Mimi nina miaka 71, nimefuga tangu nikiwa mtoto. Nitakuambia usilopenda kulisikia, na unisamehe.

Mwaka 1994 mtoto wa mdogo wangu aling'atwa na mbwa wa kwao mwenyewe. Mbwa mzuri, mlinzi, aliyekuwa amerudi kutoka porini na jeraha ambalo hatukujua kalipata wapi. Kidonda cha mtoto kilikuwa kidogo, hapa kwenye kifundo cha mguu, kikapona, tukasahau. Mwezi wa pili mtoto akaanza kukataa maji. Nilimshikia kikombe mimi mwenyewe. Alikuwa na kiu, anakitaka kikombe, anakileta karibu, na koo linajifunga. Siku ya nne tukamzika. Alikuwa na miaka tisa.

Kwa hiyo nikisikia mbwa kaumwa na fisi, na nyumbani kuna mtoto wa miaka minne, mimi siwezi kusema subiri. Mbwa wako amefanya kazi ya wanaume watatu na haimpasi kufa kwa rungu. Tafuta mwenye bunduki halali, limalizike kwa mara moja, umzike vizuri.

Zamani za Wagogo nilizokuta mimi, tembe lilikuwa linazunguka zizi lenyewe. Watu wamelala pande zote, mifugo iko katikati. Fisi apite wapi? Leo zizi liko mbali na nyumba, na mbwa tumemwachia vita peke yake.

Daktari wa Mifugo

Mama yangu, shikamoo. Mzee wangu wa Kondoa, shikamoo na pole kwa yule mtoto. Mimi ni daktari wa mifugo, nimefanya kazi Mpwapwa na Kongwa kwa zaidi ya miaka kumi na tano.

Mama, kabla ya mbwa nianze na wewe. Umesema unapogoa zabibu, na umesema umemsafisha Mgeni kwa maji ya chumvi. Ulivaa glavu? Mikono yako ina michubuko au mipasuko? Ninauliza kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate. Mate ya fisi yalibaki kwenye manyoya na kwenye vidonda vya Mgeni usiku ule ule, na wewe uliingiza vidole humo. Mate yakikutana na ngozi iliyochanika inahesabika kama umeumwa. Kama jibu ni ndiyo, nawa sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usiache hata kama siku mbili zimepita, kisha nenda hospitali leo. Siyo Ijumaa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikiwahi, inazuia kabisa. Na usiogope zile hadithi za sindano za tumboni. Hizo ni za zamani, siku hizi unachomwa mkononi kwa tarehe utakazopangiwa. Mjukuu yeyote aliyemshika Mgeni baada ya tukio aende pia.

Sasa Mgeni. Fisi kuingia zizini usiku wakati wa kiangazi si dalili ya kichaa. Ni njaa. Fisi mwenye kichaa mara nyingi utamwona hata mchana, hana woga wa mtu, anauma chochote kilicho mbele yake. Wako alikamata mbuzi, akasikia sufuria, akatoroka kwa njia aliyoijia. Hiyo inanipa moyo. Hainipi uhakika, kwa sababu ugonjwa huu unathibitishwa kwa kupima ubongo, na fisi hatunaye. Kwa hiyo tunamchukulia kama alikuwa nao.

Hapo ndipo cheti kinapoamua. Kama Mgeni alichanjwa mwaka jana na muda wa chanjo haujaisha, anachomwa ya kuongeza mara moja, anafungiwa na kuangaliwa kwa siku 45. Kama hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuchanjwa, Mzee wa Kondoa yuko karibu na ukweli: ushauri wetu huwa ni kumuua kwa dawa, au kumtenga kabisa kwa miezi minne hadi sita mahali ambapo hakuna mtu wala mnyama anayemgusa, na nyumba nyingi hazina uwezo huo. Virusi vinasafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kutoka kwenye kidonda hadi kwenye ubongo, ndiyo maana mbwa anaweza kuonekana mzima wiki nyingi. Kitafute hicho cheti kama unavyotafuta hati ya shamba.

Oili chafu hapana. Majivu hapana, tumbaku hapana. Matundu ya meno ya fisi ni ya kina, yasishonwe wala kuzibwa juu, usaha utabaki ndani. Usimpe diklofenaki wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu, inaweza kumuua kabla ya kidonda. Aje mtaalamu wa mifugo wa kata yako, avae glavu, amchome dawa ya kuzuia maambukizi.

Binti Makole

Mama, nimesoma hapo kwenye kizingiti nikashindwa kuendelea, nikarudi baada ya saa nzima. Mimi nakaa Makole, hapa Dodoma mjini. Ukija hospitali na ukikosa gari la kurudi, usilale stendi, niandikie faragha ufikie kwangu. Na tafadhali nenda leo.

Mama Zabibu

Daktari mwanangu, marahaba. Mzee wangu, shikamoo, na sijakukasirikia hata kidogo. Nimesoma habari ya kile kikombe mara tatu.

Mikono yangu imepasuka. Kidole gumba cha kulia kina mkato wa mkasi wa kupogolea, wa Jumapili. Nilikuwa nawaza bega la Mgeni tu, sikuutazama mkono wangu hata mara moja. Nilinawa pale pale nilipokusoma, mjukuu mkubwa ananimiminia maji kwa jagi, nahesabu dakika kwa simu. Zahanati ya kwanza niliyofika niliambiwa sindano hakuna, nikapanda gari la mjini. Nimechomwa ya kwanza, mkononi kama ulivyosema, na kadi ya tarehe nimepewa. Nimeuza beberu mmoja kwa ajili ya gharama. Wajukuu hawakumgusa, niliwauliza mmoja mmoja, kisha nikawauliza tena kwa ujanja. Binti wa Makole, Mungu akubariki kwa uji na kitanda.

Cheti nimekipata! Nilipekua sanduku, nikapekua Biblia, nikapekua hadi gunia la uwele. Kilikuwa kwenye kopo la majani ya chai ninakoweka daftari la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kimekunjwa mara nne, kimeliwa na mende pembeni, lakini tarehe inasomeka na mhuri upo. Tarehe 27 mwezi wa tisa mwaka jana. Bado mwaka haujatimia.

Nilikwenda nacho moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamwomba amwite shemeji na yule kijana wa rungu, nikakisoma mbele yao. Shemeji akasema karatasi haizuii meno. Nikamwambia karatasi haizuii, chanjo ndiyo inazuia, na siku 45 zikipita bila dalili atakuja kula mbuzi kwangu. Akakubali kusubiri, kwa sharti kwamba mbwa asitoke.

Mtaalamu wa kata amekuja, amemchoma ya kuongeza na ya vidonda. Sasa nimfungie wapi na nitazame nini?

Daktari wa Mifugo

Mama, umenifurahisha leo. Hiyo tarehe imekaa vizuri. Septemba 28 ndiyo siku ya kichaa cha mbwa duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, mwaka 1895, na timu za chanjo hupenda kupita vijijini siku za karibu na hapo. Huyo ndiye aliyemchanja binadamu wa kwanza dhidi ya ugonjwa huu mwaka 1885, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameng'atwa na mbwa, na yule mtoto akaishi. Mzee wangu, naandika umri huo nikijua unakukumbusha nini. Hamkufanya kosa kwa kutojua.

Mfungie kwenye banda lenye kuta, siyo kamba ya mtini ambapo mbwa wa jirani watamfikia. Amlishe mtu mzima mmoja tu, sufuria isukumwe kwa fimbo. Asikulambe. Tazama tabia kuliko kidonda: mpole kuwa mkali au mkali kuwa mpole kupita kiasi, sauti kubadilika, kutafuna vijiti na mawe, taya la chini kulegea na udenda kumwagika, miguu ya nyuma kukosa nguvu. Ukiona hata kimoja, usifungue mlango, piga simu kwa mtaalamu. Hapo nitakuwa upande wa Mzee wa Kondoa na wewe utanielewa.

Mama Zabibu

Siku ya 12. Nimemweka kwenye banda la zamani la kuku, nimeongeza bati na mbao. Anakula ugali wa uwele na dagaa. Usaha umekauka, sikio litabaki na pengo. Kazi ngumu ni jioni mbuzi wanaporudi. Anawasikia, analia kama mtoto wa mbwa, anaingiza pua kwenye mwanya wa mbao na kuvuta harufu yao. Pua hiyo iko hapo, nyeusi, inatikisika, na mimi siruhusiwi kuigusa. Nakaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka mlangoni na kumsimulia: yule mweupe kazaa pacha, kona tumepanga mawe, fisi alikuja Jumamosi akazunguka akaondoka. Mjukuu mdogo ananiuliza Mgeni kafanya kosa gani hadi kafungwa. Nimekosa jibu la kumtosha.

Mzee wa Kondoa

Mwambie analinda bado. Anawalinda ninyi kwa kukaa humo ndani.

Mama Zabibu

Siku ya 46. Sikufungua jana, nilitaka siku moja ya ziada. Leo asubuhi mtaalamu alikuja akamtazama, akasema hana kitu. Mwenyekiti alikuwepo, shemeji alikuwepo. Nilifungua mwenyewe. Nilidhani atanirukia. Alinipita! Akaenda moja kwa moja zizini akichechemea, akanusa ile kona ya mawe jiwe kwa jiwe, akakojoa juu yake, ndipo akarudi akaweka kichwa chake gotini kwangu, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Shemeji akageuka kutazama upande wa barabara.

Saa tatu tukaenda shambani. Mwendo si ule wa zamani, lile bega halitanyooka. Lakini alipita mstari wote wa kwanza, mbele yangu, akafika mwisho akageuka.

Sindano zangu nimemaliza zote. Daktari, Binti Makole, Kijana wa Kongwa, asanteni. Mzee wangu wa Kondoa, wewe nakushukuru kwa namna nyingine, maana bila kile kikombe chako nisingekwenda mjini siku ile.

Mzee wa Kondoa

Nimefurahi, mwanangu. Mpe mfupa kwa niaba yangu.

Daktari, nina mbwa watatu hapa. Tangu 1994 nimekuwa nikiwaua wakishaumwa tu, sijawahi kumchanja hata mmoja. Nianzie wapi?

Daktari wa Mifugo

Anzia ofisi ya mifugo ya kata yako, mzee wangu, kesho asubuhi. Uliza tarehe ya timu, na kama ni mbali, omba waje kwako mkikusanya mbwa wa majirani, maana kijiji kikichanja saba katika kila kumi ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kila mbwa awe na kamba shingoni na mtu mzima wa kumshika. Na wakikupa cheti, usikiweke kwenye kopo la majani ya chai.

Mama Zabibu

Kiweke hapo hapo mzee wangu. Mimi nilikipata.